Mbuna wa Sebuleni

Matumbawe hayaoti Ziwa Nyasa. Yanataka chumvi ya bahari. Badala yake, sisi wa Ruvuma tumejaliwa mbuna, samaki wa mapambo wakaao miambani, ambao Wajerumani na Wamarekani huwafuga sebuleni kwa bei ambayo mvuvi wa Mbamba Bay akitajiwa hudhani anataniwa.

Yuko mmoja wa bluu mwenye mistari myeusi, mzaliwa wa miamba ya Pombo, upande wetu wa Tanzania. Ad Konings alimwingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1994, akamwita demasoni. Hazidi kidole changu cha kati, lakini ugomvi wake ungewatosha kambale wa kijiji kizima.

Tangi nililiagiza kwa fundi wa alumini. Kila nilichoeleza aliitikia, "Nimekuelewa, mwalimu." Siku ya kulichukua nikakabidhiwa kabati zuri sana la chipsi, lenye kidirisha cha nyuma cha kupitishia mkono.

"Sasa fundi, maji yatakaa wapi?"

"Kwani chipsi zako ni za maji?"

Kidirisha kikazibwa kwa silikoni, isipokuwa kona moja, ambayo ilivumilia mpaka usiku ule wageni walipolala sebuleni.

Halafu kuna baridi. Mbinga ni mji wa kahawa, na kahawa haikupandwa huku kwa bahati mbaya. Ziwa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu huwa nyuzi 23 hadi 28. Sisi tumekaa mlimani, zaidi ya mita 1,000, na Julai hata mbwa anaomba kulala jikoni. Kwa hiyo samaki wana hita. Umeme ukikatika nachemsha maji, nayatia kwenye chupa ya soda na kuiacha ielee tangini, huku mama watoto akiuliza kwa upole kama na yeye anaweza kubakiziwa ya kuoga.

Chakula nacho ni kesi. Mbuna huyu hukwangua mwani kwenye mawe. Ukimzoesha nyamanyama tumbo linavimba, anakufa. Jaribu kumweleza hayo mama mkwe aliyepanda kutoka Liuli na mfuko wa usipa.

"Baba, huyu ana njaa. Ona shavu lilivyovimba."

"Hapana, mama. Ni jike, amebeba mayai mdomoni. Anakaa hivyo kama majuma matatu, hali kitu."

"Na dume muda wote huo anafanya nini?"

"Anapigana, mama."

"Aa. Kumbe ni kama huku."

Kuhusu kupigana, wafugaji wazoefu husema dawa ni kuwajaza wengi, kumi na wawili kwenda juu, ili mkorofi asijue amshike nani. Wangu alijua. Aliwapitia wote kwa zamu kama mgambo wa ushuru sokoni, na aliyekimbia alirudiwa.

Ukipita Mbinga, karibu nyumbani uwaone. Usiwatupie mkate, usigonge kioo, na tafadhali usiulize tutawakaanga lini. Mama ameshauliza.