Makadhi wa Chupa

Wamezuka hapa Isiolo, ambako maziwa ya ngamia hunywewa bila hotuba, mabwana waliojitawaza makadhi wa bia, ambao, jua likiisha kutua, huinua bilauri kwenye taa, wakafumba macho, kisha wakatoa fatwa kwamba Tusker ina haiba ya tembo, Pilsner ina ghadhabu ya simba, na White Cap, ijapokuwa wameiagiza moto, ina ubaridi wa theluji ya Mlima Kenya. Sifa ambazo, kwa bahati njema, zimekwisha kuchorwa kwenye karatasi za chupa. (Tembo ndiye aliyemwua mwasisi wa kiwanda cha Tusker, George Hurst, mwaka 1923, haiba hiyo basi ina mipaka.) Zote tatu ni za kampuni moja, ya Ruaraka. Umeme ukikatika, baraza huahirisha hukumu.