Pazia Lenye Nahodha

Kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo. Ndivyo isemavyo Tarikhi ya Kilwa: Ali bin Hassan, mtu wa Shirazi, alimkuta mwenye kisiwa, wakaelewana bei, na bei yenyewe ikawa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikaletwa, zikatandazwa, kisiwa kikazungukwa, mwenyewe akazikusanya akahamia bara. Baadaye moyo ukamrudi nyuma, akataka kurejea kwa vita maji yakipwa, lakini wazee wanasimulia kuwa alikuta mkondo umeshachimbwa na maji hayatoki tena. Mimi kila nikikisikia kisa hiki huwa nina swali moja tu: siku ile ya kutandaza nguo, upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi?

Nauliza kwa sababu mume wangu ameshindwa kuzungusha nguo kwenye nguzo nne, uani kwetu hapa Kilwa Masoko.

Mwalimu, maana ndivyo anavyoitwa mpaka leo ingawa chaki alishaiweka chini, alikwenda Maskati kumwona mwanetu akarudi na halua, udi na pagola. Halua na udi vilikuwa sandukuni. Pagola ilikuwa kichwani. Kwa alivyotueleza, hilo ni banda lililokamilika kila kitu isipokuwa paa. Unasimika nguzo nne, unalaza boriti, unapitisha fito zilizoachana, kisha unaita watu waje wakae chini yake watazame mbingu. Huko Maskati, ambako mvua ni ya kubahatisha na usiku wa Januari una kibaridi kitamu, sina neno nao. Lakini Kilwa?

Fundi alipomaliza kufunga fito ya mwisho akashuka, akajifuta jasho.

“Mzee, makuti nilete mangapi?”

“Hakuna makuti.”

“Ahaa, bati.”

“Hakuna bati.”

Fundi akanigeukia, akanitazama kama anavyotazamwa mke wa mgonjwa, akasema kwa upole, “Haya mama, tutakuwa tunapitapita kumjulia hali.”

Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulishajua kuwa tumeishiwa. Balozi wa nyumba kumi alikuja baada ya magharibi, akazunguka na habari za ufuta na bei za mnadani, akagusa korosho, akarudi kwenye ufuta, mwisho akatua: “Mwalimu, kiinua mgongo nacho kina mwisho wake. Ukikwama sema, watu tupo.” Asubuhi yake kijana akaleta makuti sitini kwa baiskeli, sadaka ya mtu asiyetaka kutajwa. Mume wangu akayarudisha. Kesho yake yakaja themanini.

Nikamkumbusha kuwa Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika mambo mawili kwa pamoja: kwamba nyumba za mji zimeezekwa kwa majani, na kwamba mvua zake ni nyingi. Mtu mpita njia, mgeni wa Tanja, na bado aliona kuwa hayo mawili yanajuana. Mwalimu naye hakosi jibu, ndiyo kazi aliyolipwa nayo miaka yote. Akasema Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta, alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali lenye kuitazama bahari, na humo ndani akachimba bwawa la kuogea lenye pembe nane, wazi juu, halina paa, na hakuna balozi aliyemletea makuti. Nikamjibu kuwa hata hiyo Husuni Kubwa wataalamu wanasema haikuwahi kumalizika. Hatukuongea tena mpaka alasiri.

Sasa hayo yote ni ya juu. Balaa letu lilikuja kwa ubavuni. Jua la Kilwa halisubiri liingilie utosini. Asubuhi linakuja mashariki, limelala, linapita chini ya boriti na kukukuta umeshika kikombe. Jioni linageuka kukufuata upande wa pili. Tena Mwalimu alikuwa ameshabomoa ua wa makuti wa upande wa bahari ili apate kuiona vizuri, asijue kuwa bahari nayo ingemwona. Kila mpita njia wa kutoka gatini akawa anasimama. “Mwalimu, shikamoo. Mnakunywa chai?” Tunakunywa chai. “Na mihogo?” Na mihogo. Tukawa tunakula mbele ya kadamnasi kila asubuhi, na adabu ya pwani unaijua: huwezi kutafuna mtu anakutazama usimkaribishe. Mihogo ikawa haitoshi.

Hapo ndipo likaja neno pazia. Kitambaa kilinunuliwa Kariakoo, kikapanda basi, kikateremshwa Nangurukuru kwa sababu kondakta alikuwa na haraka ya Lindi, kikamaliziwa kwa bodaboda. Kilikuwa shiya nyeupe yenye maua ya dhahabu, kitambaa cha sebule ya bibi harusi. Fundi cherehani akaweka pete, bomba likafungwa, mapazia yakaning’inia pande zote. Ilikuwa malelezi, kaskazi imechoka na kusi haijaamka, bahari imelala kabisa. Nitasema kweli: palipendeza. Nilikaa ndani yake na kahawa yangu, mwanga umechujika, wapita njia wamegeuka vivuli, nikaanza kuiona Maskati ya mume wangu.

Kusi ikaamka.

Asiyeishi pwani hii hudhani upepo ni upepo. Kusi inatoka baharini kusini, inaingia na masika mwezi wa Aprili, nayo haivumi kwa kubembeleza; inasukuma mchana kutwa, wiki baada ya wiki, mpaka Septemba. Majahazi ya zamani yalipanga safari za mwaka mzima kwa kuitii: kaskazi iyalete kutoka Uarabuni, kusi iyarudishe. Upepo uliorudisha mamia ya majahazi Arabuni haukuona tabu na shiya ya Kariakoo. Siku ya kwanza mapazia yalilala juu ya fito. Siku ya pili moja lilikutwa kwenye mpapai wa jirani. Mwalimu akatafakari, akaenda kwa wavuvi, akarudi na mfuko wa chubwi, zile risasi za mishipi, akazishona moja moja kwenye pindo la chini. “Sasa,” akasema, “halitikisiki.”

Wakati huohuo binti yetu mdogo alikuwa ameposwa. Washenga walitumwa, wazee watatu waliovalia kanzu na kofia za kutarizi, na Mwalimu akang’ang’ania wapokewe pagolani. Mwenye maneno akakaa upande wa bahari. Akafungua kwa dua, akapita kwenye nasaba, akasifu malezi ya binti, kisha akakohoa kile kikohozi ambacho kila mwenye binti anakijua, kikohozi cha kutaja mahari.

Upepo ukaingia. Pazia likanyanyuka na chubwi zake zote, likapiga chupa ya chai, likachukua kofia ya mzee wa kulia, likarudi nyuma na kumviringisha msemaji toka kichwa mpaka magotini. Tukabaki tunaona ndara zake tu. Lakini yule mzee ni mtu mzima wa kazi yake. Alishaanza sentensi na hakuona sababu ya kuikatiza. Akaendelea kusema mle ndani kwa sauti ya heshima, mkono mmoja umetokeza nje unapungapunga kusisitiza, na kiwango cha mahari kikatamkwa ndani ya shiya.

Alipofunguliwa, kila mtu alisema alhamdulillahi. Hakuna aliyethubutu kumwomba arudie. Sisi tulisikia laki tisa. Wao, tulivyopata habari baadaye, walisikia laki saba, na mzee mwenyewe anasema alichokuwa akikitaja pale ni jina la Mwenyezi Mungu, maana alikuwa anakosa pumzi.

Shiya ilimalizika wiki hiyo, ikabaki nyuzi na maua ya dhahabu machache. Nikaenda Kivinje kwenye msiba, nikalala huko. Niliporudi nilikuta Mwalimu ameshatatua tatizo peke yake: amefungua kasha langu, ametoa kanga, amezitundika pagola nzima.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu wanaume. Mwanamume hutazama rangi ya kanga. Hajui kuwa kitambaa kile kina mdomo. Pwani hii imekaa na pamba tangu zamani mno. Neville Chittick na wenzake walipofukua Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 walikuta vigae vya duara vilivyotobolewa, vya kusokotea uzi, na sina shaka hata zama hizo kulikuwa na mwanamke aliyejifunga nguo yake upande fulani ili mwenziwe aione. Kanga za kashani kwangu si za kutundikwa ovyo. Nyingine nilizinunua kwa hasira, kwa shughuli maalumu, na shughuli ikishapita nazikunja nazifungia. Mwalimu alizichukua zilizokuwa juu, akazitundika majina yakiwa nje, na upande wa mashariki, unaotazamana na jiko la jirani yangu, ambaye tulikuwa tumetoka kupatana juzi tu baada ya ugomvi wa kuku, akaweka hii: NIMEKUSAMEHE LAKINI MAMBO YAKO NAYAJUA.

Jirani alinisalimia juu ya ukuta.

“Shoga, nimesoma.”

“Umesoma nini, shoga yangu?”

“Ulichokiandika.”

Nikaapa si mimi, ni Mwalimu. Akaniambia hata Mwalimu hakumtegemea. Kufika adhuhuri kwenye kamba yake kukawa na kanga mbichi, haijafuliwa hata mara moja, ukakasi wake bado umo: NINYAMAZAPO SI KWAMBA SINA LA KUSEMA. Wapita njia wa gatini, waliokuwa wamekosa kutazama mihogo, sasa wakawa wanasimama kusoma. Kusi nayo ikazungusha kanga zangu, upande wa magharibi ukahamia kaskazini, na mama mwuza samaki aliyekuwa akipita akajiona ametukanwa yeye. Jioni ile nikazitoa zote. Lakini jirani kwenye kamba yake akaacha moja mpaka Jumapili: MWENYE PAA HANA HAJA NA MANENO. Mpaka leo sijui aliipata duka gani.

Aliyetuokoa ni nahodha mmoja mzee, mwenye dau lake dogo. Alikuwa akitutazama muda mrefu kwa huruma ya kitaalamu. Siku hiyo akaingia, akapiga hodi kwenye nguzo, akasema, “Mwalimu, nguo yako haina demani.”

Akaeleza, na nilimwona mume wangu akisikiliza kama hajawahi kusikiliza kikao chochote cha walimu. Nguo ikiwa upeponi huwezi kuikomea juu na chini ukategemea itulie. Tanga linafungwa juu kwenye mti wake, foromali, pembe moja inashikwa, na ile ya pili inapewa kamba, ndiyo demani, ya kuvuta na kulegeza. Upepo ukizidi unalegeza, unamwagika. Ukipungua unavuta. Chubwi ni za kumzamishia samaki chambo. Akatoka, akarudi na tanga lake la akiba, zito, lenye viraka vya kila umri, akalifunga upande wa kusi kwa vifundo ambavyo Mwalimu alijaribu kuvichora kwenye daftari.

Lilifanya kazi. Lilifanya kazi mno. Nahodha alipokaza demani, tanga likajaa, likatuna vizuri kabisa, na pagola nzima ikalia kutoka chini. Nguzo ya nyuma ikaanza kuchomoka taratibu, mchanga ukipasuka kuizunguka. “Legeza!” nahodha akapiga kelele. “Mwalimu, legeza demani, tunaondoka!” Mwalimu akavuta. Jirani, aliyekuwa hajanisemesha tangu kanga, akatoka mbio na sufuria mkononi, akaikumbatia nguzo, mimi nikaikumbatia ya pili, na hivyo ndivyo tulivyopatana.

Nguzo zimeshamiminiwa zege. Pazia linavutwa na kulegezwa, na Mwalimu amejifunza kutazama mawingu kabla ya kumwaga chai. Linanuka papa na mafuta ya sifa, kwa hiyo paka wote wa Masoko wanalala kwetu, lakini jua halipiti. Kasoro yake ni moja. Tanga jingine la nahodha limechanika, na hili la akiba ndilo lililobaki, kwa hiyo bahari ikiwa njema analifuata alfajiri, analifungua anaondoka nalo. Hurudi nalo bahari ikichafuka. Maana yake pazia tunalo siku zile tu ambazo upepo haumruhusu mtu mwenye akili kukaa nje. Mwalimu amedai fungu la samaki kwa kulihifadhi. Nahodha amemjibu kuwa fungu la chombo ni la chombo, na banda si chombo, ingawa alikiri kuwa siku moja lilikaribia.

Juzi washenga wamekuja tena kumalizia habari ya mahari. Yule mzee akasita mlangoni, akachunguza nguzo moja baada ya nyingine.

“Mwalimu, pazia liko wapi?”

“Limekwenda Songosongo.”

“Kurudi?”

“Likijaaliwa, Ijumaa.”

“Alhamdulillahi,” akasema mzee, akavuta kiti, akaweka kofia sawa. “Basi leo tutasikilizana.” Akakohoa. Akataja laki tano.