Ainisho la Washika Siri wa Makorora

Silikanti wa Tanga, samaki aliyedhaniwa kwisha duniani, ana hifadhi yake tangu 2009. Mshika siri wa Makorora, kiumbe anayeonekana kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, hajapata hata ainisho. Pengo hilo linazibwa hapa.

Mshika siri ni mtu wa tatu: si mwenye akaunti, wala si mfumo unaofunguliwa, bali ni yule wa katikati anayeingia kwa jina la mwenyewe. Utafiti ulifanyika kwa njia ya kukaa benchi na kungoja zamu.

Familia kubwa kuliko zote ni ya Daftari, na makazi yake ni steshenari. Kwa nje inaishi kwa fotokopi, lakini riziki yake hasa ni maombi: mkopo wa HESLB, Ajira Portal, TIN, cheti cha RITA. Mteja anafika hana barua pepe, anafunguliwa palepale. Paswedi anaitunga mfunguaji: jina la mteja, mwaka wa kuzaliwa, na alama ya mshangao mfumo ukiidai. Vyote vinaingia kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu, na buku linalazwa juu ya mashine ya fotokopi, mahali ambapo anayengoja nakala ya cheti anaweza kusoma nusu ya mtaa. Mfumo ukituma namba za uthibitisho, simu inapigwa: “Dada, kuna meseji imeingia kwako, namba sita, nisomee.” Dada yuko Soko la Makorora anapimiwa dagaa. Anazisoma kwa sauti, mara mbili, maana mtandao unakatakata, na muuza nyanya wa jirani anamsahihisha tarakimu ya nne.

Ndani ya familia hii kuna spishi inayosajili namba yake yenyewe kuwa ya kurejeshea akaunti. Mteja akitaka kuingia baada ya miaka miwili, hana budi kurudi steshenari na kulipa upya. Wengine wanaiita hila. Mimi naiona ni uvivu uliokuja kugundua kwamba unalipa.

Familia ya Damu haina mengi: bibi ana namba ya siri, na mjukuu ndiye anayeijua. Familia ya Kibanda ndiyo inayotatiza wataalamu, kwa sababu kwa kanuni haikupaswa kuwepo. Kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, mteja anabonyeza *150*00# kwenye simu yake mwenyewe, anaandika namba ya wakala na kiasi, kisha siri yake. Wakala hahitaji kujua chochote zaidi ya kwamba muamala umefika. Lakini simu inapitishwa dirishani, “niandikie mwanangu, miwani nimeiacha,” na siri inafuata kwa mnong’ono unaosikika hadi kijiwe cha bodaboda.

Serikali ilijaribu dawa kali zaidi. Kuanzia Mei 2019 laini zilisajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Kidole hakiandikiki kwenye kaunta buku. Hata hivyo kinaweza kuombwa mara ya pili: “Haijasoma, mzee, weka tena.” Ndiyo maana ipo *106#, ya kuhesabia laini zinazotembea kwa jina lako.

Isidhaniwe kwamba Makorora haijui kutoa ruhusa yenye mpaka. Namba 20 za LUKU zinapigiwa kelele juu ya ukuta saa tatu usiku na hakuna anayeingiwa na hofu: zinafungua mita moja, kwa uniti zilizolipiwa, mara moja tu. Mwizi akizidaka, faida yake ni kumwashia taa mwenye nyumba.

Wahandisi wa mtandao walilifikia wazo hilo mwaka 2007 walipotoa OAuth, wakalifanyia ukarabati mkubwa Oktoba 2012. Hii ndiyo familia ya nne, ya kuja. Chukua kalenda ya kuwekea nafasi iliyopachikwa kwenye tovuti ya gesti. Haiombi paswedi ya Google ya mwenye gesti. Inampeleka kwenye mlango wa Google wenyewe, anaingia huko, anaonyeshwa kinachoombwa, anakubali. Kalenda inarudi na tokeni inayosoma tarehe bila kugusa barua zake, tena yenye muda wa kuisha. Siku akikasirika, anaifuta bila kubadili paswedi.

Ili hayo yawezekane, mtengeneza tovuti kwanza anaisajili kalenda, anapewa kitambulisho cha programu na siri ya programu, na anataja anwani ambako mwenye gesti atarudishwa. Anwani ikipungua mkwaju mmoja mwishoni, mlango haufunguki. Hapo ndipo vijana wengi huapa kwamba wamerogwa. Kitambulisho kinaweza kuonekana na yeyote. Siri inakaa kwenye seva, basi.

Sasa, kielelezo pekee cha familia hii kilichopatikana Makorora kilikuwa kimeibandika siri hiyo ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo mgeni yeyote anayebonyeza “onyesha chanzo” anaisoma yote. Hii ni kaunta buku juu ya fotokopi, isipokuwa inasomeka hadi Muscat. Kwa hiyo kimehamishiwa familia ya Daftari. Mtengenezaji wake amekata rufaa, akitaja diploma yake. Rufaa itasikilizwa akishaomba siri mpya. Ile ya zamani tumeisoma sote.