Babu wa Kukodi

Mwaka 1938 Mmarekani Thornton Wilder alitoa Our Town, mchezo wa jukwaani kuhusu familia za mji mdogo, na jukwaa akalinyima hata mapazia: meza mbili, viti na ngazi, basi. Angepita Niboye, wilayani Kicukiro jijini Kigali, Jumamosi ya posa, angeuonea haya ubahili wake. Hapa kuna mahema, maua, spika na wahusika wa kila aina.

Wa kwanza ni msemaji wa upande wa binti, babu mwenye fimbo anayeapa kuwa mjukuu huyu kamlea mwenyewe kwa maziwa. Jina la mjukuu analichungulia kwenye kikaratasi kiganjani. Mbele yake ameketi msemaji wa upande wa kijana, naye wa kukodi vilevile. Wanabishana kwa adabu, wanasameheana kwa kinywaji, kisha ng'ombe wa mahari wanasifiwa pembe na mwendo, ilhali ng'ombe wenyewe wamekunjwa ndani ya bahasha.

Baba mzazi wa binti? Kawekwa safu ya pili. Ameambiwa hajui kuongea. Shangazi, ndani ya umushanana, vazi la sherehe, la kuazima, analia kila kamera inapomgeukia.

Sehemu ya pili ya mchezo huu wa familia ni kugawana urithi, mzee akishafariki. Hiyo haina spika wala msemaji wa kukodi, kwa sababu kila ndugu ameshahifadhi maneno yake tangu marehemu akiwa hai.