Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri, Kuhusu Ligi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Naomba radhi kukusumbua. Hili la mpira ni dogo na lingeweza kusubiri, kama lilivyozoea.

Kwanza tunashukuru. Vyuo vikuu vina TUSA, vyuo vingine vina SHIMIVUTA, na walimu watarajiwa wana UMISAVUTA, kwa hiyo hata wanachuo wa Ualimu Kasulu na Kabanga hawakusahauliwa. Timu hukusanywa mji mmoja, hucheza siku chache mfululizo, kombe linatolewa, mabasi yanaondoka. Utaratibu mzuri mno. Kasoro yake, ukiniruhusu neno hilo, ni kwamba ukifungwa mechi mbili za makundi mwaka umekwisha, na kipa aliyeokota mpira wavuni mara tano hana Jumamosi ijayo ya kujisahihisha. Hilo ni bonanza, Mheshimiwa. Kwa adabu tu tunaliita mashindano.

Tunaomba ligi ya vyuo: nyumbani na ugenini, chuo kifunguliwapo hadi mitihani ikaribiapo.

Wataalamu wako watataja umbali, na ni watu wasomi, siwezi kubishana nao. Ila Mashujaa wa Kigoma walipanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, na tangu hapo timu za Dar es Salaam zinafika Uwanja wa Lake Tanganyika bila kupotea njia. Mechi 30 kwa msimu! Basi kati ya Kasulu na Kibondo ni kwenda asubuhi, kurudi jioni. Zamani kiangazi timu ilifika ugenini ikiwa nyekundu kwa vumbi kabla haijavaa jezi. Sasa Serikali yako sikivu imetandika lami barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, nasi tungependa kuitumia kwa jambo la maana kidogo zaidi ya kuitazama.

Tunasikia pia chuo kikuu cha afya, MUHAS, kinajengewa kampasi mkoani kwetu. Tunainamisha vichwa. Kama kwenye ramani, baada ya maabara na mabweni, kimebaki kipande cha mita 105 kwa 68 kisicho na kazi, tunasihi kisigeuzwe maegesho ya magari.

Fedha hatuombi, tunajua mipaka yetu. Nauli tutachangishana, na jezi za UMISSETA, za enzi za sekondari, bado zinawaenea baadhi yetu. Tunaomba ratiba tu, yenye muhuri, ili mkuu wa chuo akiulizwa wanachuo wako wapi Jumamosi, awe na karatasi ya kuonyesha.

Wako mtiifu,
Mshabiki wa jukwaa la majani, Kasulu