Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira: Tunaomba Taka Zikamatwe Mtoni

Mwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KIZUIZI CHA TAKA KATIKA MTO MIRONGO

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima naomba uipokee barua hii, na uniwie radhi kwa kukuchukulia dakika ambazo najua zinagombewa na wengi. Nimeiandika hadharani si kwa kukosa adabu. Jambo lenyewe ni la watu wote wanaoishi kwa ziwa hili, nami nimeona ni haki nao wajue mwenzao ameomba nini.

Mimi ni mkazi wa Mwanza. Siku za mapumziko, mimi na wenzangu huingia Ziwa Victoria kwa kayaki kuokota taka. Kayaki, Mheshimiwa, ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, kinachoendeshwa kwa kafi yenye bapa pande zote mbili. Huelea hata pale maji yanapofika magotini tu. Boti ya injini haithubutu kuingia katikati ya mawe ya Capri Point wala ndani ya matete, kwa kuwa propela itagonga jiwe au itanaswa. Na huko ndiko upepo unakozisukuma taka na kuziacha.

Kwa ruhusa yako, nieleze tunachokikuta. Kuna chupa za maji na soda, vifuniko, ndala, vifungashio vya plastiki laini, na nyavu za timba (za uzi mmoja wa nailoni) zilizotupwa au kukatika, ambazo huendelea kunasa samaki hata kama hakuna mvuvi anayezifuata. Kazi ngumu kuliko zote ni ya magugu maji. Mizizi yake hushika kila kinachoelea, hivyo inabidi kuyanyanyua kwa mkono, shada moja moja, kuyakung'uta na kutoa kilichomo. Tunavaa glovu na buti ndefu, maana kichocho kipo na vioo vilivyovunjika vipo. Chupa zikifika nchi kavu zina mnunuzi, kwani wanaokusanya plastiki chakavu huzipima kwa kilo. Vifungashio vyenye tope havina anayevitaka. Hivyo ndivyo vinavyobaki ziwani kwa wingi, kwa sababu hakuna anayepata riziki kwa kuvitoa.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni hiki. Tukisafisha kipande cha mwambao kikatakata, mvua kubwa ikinyesha tunakuta kimejaa upya. Na taka hizo ni mpya: lebo zinasomeka, rangi haijapauka, hazijaota mwani. Hazijazunguka ziwani miaka mingi. Zimetoka mitaani kwetu, pengine usiku uleule.

Mheshimiwa, wewe unaijua Mwanza kuliko ninavyoweza kuieleza. Watu wengi wamejenga juu ya milima ya mawe, ambako njia ni ngazi na vichochoro, na gari la taka haliwezi kupanda. Mama anayeishi huko juu hana budi kubeba taka zake hadi barabarani, au aziache korongoni. Mvua inazishusha kutoka kwenye makorongo hadi kwenye mifereji, mifereji inazipeleka Mto Mirongo, na Mirongo inapita katikati ya jiji na kuzimwaga ziwani. Sisi wa kayaki tunasubiri mwisho kabisa wa safari hiyo, wakati taka zimekwisha kutawanyika kwa upepo na mawimbi. Nasema kwa unyenyekevu mkubwa: tungekuwa mia, bado tungekuwa tunatwanga maji kwenye kinu.

Wapo wanaoamini ziwa ni kubwa mno kuweza kudhurika. Ni kweli ni kubwa: karibu kilomita za mraba 68,800, na kama nusu yake ni ya Tanzania. Lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na mto unaotoka humo ni mmoja, Nile, kule Jinja. Plastiki iliyoingia Ghuba ya Mwanza haina haraka ya kwenda popote. Inakatikakatika kwa jua na mawimbi hadi inakuwa chembe ambazo hakuna kafi wala wavu wa kuziokota. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliochunguza matumbo ya sato na sangara wa hapa Mwanza. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki. Maji haya tunayanywa pia. Chanzo cha Butimba kimejengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku, na bomba la kutoka Ihelele linayafikisha Shinyanga, Kahama hadi Tabora. Kwa hiyo ombi langu si la Mwanza peke yake.

Naishukuru Serikali kwa dhati, na naomba shukrani hizi zifike kwa wote wanaostahili. Tangu marufuku ya Juni 1, 2019, mifuko ya rambo imepungua machoni petu. Mwaka 2022 zikafuata kanuni za kuondoa lakiri za plastiki kwenye vifuniko vya chupa, vipande vidogo ambavyo ni vigumu mno kuviokota majini. Tumeona kwa macho yetu kwamba uamuzi unaofanyika Dodoma unaonekana kwenye mawe ya Mwanza. Ndiyo maana nina ujasiri wa kuomba jambo la pili.

Naomba, Mheshimiwa, taka zikamatwe mtoni kabla hazijaingia ziwani. Namaanisha kizuizi kinachoelea: mnyororo wa maboya uliotandazwa kwa mshazari kukatiza Mirongo, wenye wavu mfupi unaoning'inia chini yake, ili taka zisukumwe na maji yenyewe hadi ukingoni, ambako watu wenye ajira watazitoa. Kisiwe cha nondo zilizosimikwa chini, kwa sababu mvua kubwa zikija magogo yatakiziba na maji yatarudi kwenye nyumba za watu. Kazi hii inawezekana. Baltimore, Marekani, tangu 2014 wana mtambo unaokamata taka pale mto unapoingia bandarini. Na gharama ya kutofanya lolote tunaiona kwa majirani zetu wa Bukavu, ambako taka za Ziwa Kivu hujikusanya kwenye bwawa la umeme la Ruzizi na zimewahi kuzima mtambo.

Kizuizi peke yake hakitatosha, iwapo watu wa milimani wataendelea kukosa pa kupeleka taka. Mtandao rahisi wa majitaka ulikwishapandishwa kwenye baadhi ya milima hiyo, mahali ambapo wengi walidhani haiwezekani. Taka ngumu nazo zinaweza kushushwa na vijana wanaolipwa, kwa magunia na mikokoteni, hadi gari linapofika. Na kinachokamatwa mtoni kipangwe kwa aina na kuandikwa, ili Serikali ijue ni bidhaa zipi zinazoongoza, na wanaozitengeneza wachangie gharama ya kuziondoa.

Nimekuandikia wewe kwa sababu mto una bodi yake ya bonde, usafi wa mitaa uko kwa halmashauri, samaki wako chini ya wizara nyingine. Kila mmoja anafanya kazi yake, ila taka zinavuka mipaka yote hiyo kwa mvua moja. Neno lako linaweza kuwakutanisha mezani, nasi hatuna uwezo huo.

Sisi tutaendelea kupiga kafi, maana taka zilizokwisha kuingia lazima mtu azitoe. Ukipata nafasi ya kuja Mwanza, tutaona fahari kukuandalia kayaki na jaketi la kuokolea, uone mwenyewe. Lakini ziara isiwe sharti la uamuzi. Kwa unyenyekevu wote nilionao, naomba kizuizi hicho kiwe kimefungwa kabla ya mvua za vuli.



Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwokota taka, Mwanza