Shilingi ya Waziri Naileta Mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Mussa Azzan Zungu,
Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUKABIDHI SHILINGI MOJA (1/=) KWA MATUMIZI YA WABUNGE

Mheshimiwa Spika,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dalali wa mahindi hapa Songea mjini. Katika bahasha niliyoituma pamoja na barua hii utakuta sarafu ya shilingi moja ya mwaka 1966: upande huu kichwa cha Mwalimu, upande ule mkono umeshika mwenge. Ilikuwa ya marehemu baba. Aliiweka kwenye kopo la majani ya chai pamoja na vifungo vya mashati, na mpaka anaondoka duniani hakutuambia alikuwa anaitunzia nini. Nadhani sasa nimejua. Bahasha nimeifunga kwa gundi, barua nimeiacha wazi, ili ikipotea moja ibaki nyingine.

Naomba sarafu hiyo iwekwe mezani kwa Katibu wa Bunge. Mbunge akisimama kwenye Kamati ya Matumizi na kusema anashika shilingi ya mshahara wa Waziri, apewe aishike kweli.

Usinicheke, Mheshimiwa. Kila mwaka, Aprili hadi mwisho wa Juni, hadithi ni ile ile. Mbunge anasimama, sauti imepanda. Barabara ya jimboni kwake haipitiki tangu masika ya juzi, na leo, anasema, nisipopata maelezo ya kuridhisha nashika shilingi. Sisi huku tunaosikiliza kwenye simu tunaacha kupepeta. Waziri anainuka taratibu, anafunga kifungo cha koti, anampongeza mbunge kwa jinsi anavyowapigania wananchi wake. Hapo ndipo huwa najua tumekwisha. Serikali ni sikivu, anasema. Upembuzi yakinifu umekamilika, usanifu wa kina unaendelea, fedha zinatafutwa. Mbunge anasimama tena: kwa maelezo hayo mazuri, narudisha shilingi. Hata chai haijapoa. Muda ukibana, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, mabilioni kwa mabilioni, na unakuta fedha iliyojadiliwa kwa kina jioni nzima ni ile shilingi moja.

Wewe ni mbunge wa Ilala, Kariakoo iko uani kwako, kwa hiyo mambo ya bei hayakupigi chenga. Lakini niruhusu nieleze tunavyopatana huku kwetu. Mnunuzi akifika hasalimii gunia kwa macho. Anachomoa bambo, analichoma gunia tumboni, siyo juu ambako mkulima amepanga punje nzuri. Anamimina punje kiganjani, anapuliza vumbi, anachukua moja na kuibana kwa meno. Ikilia imekauka, ikibonyea, ameshapata neno la kushushia bei. Yupo mzee mmoja huwa ananiletea mzigo wake kila msimu ambaye sijawahi kumsikia akibishana na mnunuzi yeyote. Akitajiwa bei asiyoipenda anatoa sindano yake ya magunia iliyochomekwa kwenye kofia, anapitisha uzi, na anaanza kulishona gunia. Mshono wa kwanza, wa pili. Kabla hajafika wa tano mnunuzi ameshaongeza hela. Mapatano yote ya sokoni yamo kwenye ule uzi, Mheshimiwa. Mnunuzi akishajua gunia halirudi nyumbani atakupa bei anayoitaka yeye, na juu yake atakusifu kwa kulima vizuri.

Wabunge wako wamenyang'anywa sindano. Ibara ya 90 ya Katiba inasema Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Maana yake gunia likirudi nyumbani linarudi na mkulima mwenyewe, akaanze tena kuomba kura. Ibara ya 71 nayo inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge umekwisha. Aliyeshika kadi yako ameshika na kiti chako. Ndiyo maana siku ya kura ya bajeti, mnapoitana majina mmoja mmoja, mimi huiacha simu ikiendelea kuongea peke yake na kwenda kuchota maji. Narudi, nakuta bado ni ndiyo.

Haikuwa hivyo siku zote. Februari 2008 Kamati Teule ya Dkt. Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Aprili 2012 Zitto Kabwe, enzi hizo yuko CHADEMA, alipitisha karatasi ya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Katiba inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Wakasaini hata wa CCM, mmojawapo marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa, jirani zetu hapa. Hoja haikufika kupigiwa kura. Lakini Mei mwaka huo Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakabaki nje. Sita! Kwa karatasi na kalamu, bila mtu kugusa shilingi. Yule mzee wangu wa sindano angewaelewa vizuri sana.

Kisha Januari 2016 tukaambiwa kuonyesha Bunge moja kwa moja TBC ni gharama kubwa. Sikushangaa, hata mimi sipendi mkulima asikie ninavyoongea na mnunuzi. Ukafuata msimu wa wabunge wa upinzani kuhamia CCM kwa jina la kuunga mkono juhudi za Rais. Desemba 2017 Godwin Mollel wa Siha akatoka CHADEMA, Maulid Mtulia wa Kinondoni akatoka CUF, na Februari 2018 wote wawili wakarudi kwenye viti vilevile kwa tiketi ya CCM. Gunia lile lile, chapa mpya. Mollel baadaye akawa Naibu Waziri, kwa hiyo tusiseme mapatano hayapo. Yapo, ila hufanyika nje ya ukumbi, na hayahusu barabara yangu.

Kwenye uchaguzi wa mwaka 2020 CHADEMA walitoka na jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, lakini kwa asilimia ya kura walistahili viti maalumu 19. Wanawake 19, Halima Mdee akiwa mbele, wakaapishwa Dodoma Novemba 24. Siku tatu baadaye Kamati Kuu ya chama chao ikawavua uanachama. Mimi na Ibara yangu ya 71 mkononi nikasubiri. Wao wakaenda mahakamani, na wakaendelea kukaa bungeni mpaka Bunge lenyewe likafikia mwisho wake. Nimeuza mahindi miaka mingi, lakini mzigo ambao mwenye shamba anasema si wake na mwenye ghala anasema ni wako tu, huo sijawahi kuupatia bei.

Nikifika kwenye uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 naiweka chini kalamu ya mzaha. CHADEMA hawakuwamo kwenye karatasi ya kura. Watu walikufa, na waliozika wanajua walichozika. Hilo silifanyii kejeli, wala sitakuomba unijibu kwa barua. Ninachokiandikia ni ukumbi uliopatikana baada ya hapo, ule uliokuchagua wewe Novemba 11. Sisi Songea hatuna kinyongo. Aliyekuwa mbunge wetu wa Songea Mjini hadi 2015, Dkt. Emmanuel Nchimbi, leo ni Makamu wa Rais, na picha yake tunaionyeshana kwa fahari. Ila ukifika pale pa kusema wasioafiki waseme siyo, nina wasiwasi kiyoyozi ndicho kitakachosikika zaidi. Utasema unadhani walioafiki wameshinda. Hilo la kudhani ndilo linalonichekesha kila siku.

Wenzetu Kenya, kwa upande wao, walipatana mpaka hesabu ikageuka. Agosti 2022 muungano wa Azimio ulitoka uchaguzini ukiwa na wabunge wengi kuliko muungano wa Kenya Kwanza. Oktoba Spika Moses Wetang'ula akaamua walio wengi ni Kenya Kwanza, kwa kuwa vyama vidogo vilishahama na mikataba yao kwapani. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema uamuzi ule haukuwa sawa. Sikuombi tuige. Pale nahisi kuna magunia yanashonwa mchana na kufumuliwa usiku. Lakini angalau kule mtu anauliza bei.

Basi, kuhusu sarafu, nina masharti machache. Mbunge atakayeishika asipewe nyingine mpaka airudishe. Akitaka kuirudisha, asome kwanza kwa sauti alichoahidiwa, tarehe na kiasi, na Waziri atie saini kama tunavyofanya sisi kwenye daftari la mzani. Mwaka unaofuata, kabla halijafunguliwa fungu hata moja, lisomwe daftari. Kama barabara haijaonekana, Waziri mwenyewe ndiye aishike ile shilingi mkononi, amesimama, mpaka kikao kiahirishwe. Ni nyepesi, haitamchosha.

Na kama itaonekana kanuni haziruhusu, au sarafu yenyewe haina thamani kwa sasa (hilo najua, hata pipi hainunui), naomba isitupwe. Apewe kondakta wa basi lolote linalokuja Songea, nitaipokea stendi. Kopo la baba ninalo bado, na vifungo vyake ndani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dalali wa mahindi,
Songea.

Kiambatisho: Shilingi 1/=.
Nakala: Hakuna. Ilikuwa hiyo hiyo moja.